Dua Asiyoiitikia Biasha

Kwetu Msambweni mtu akipungua mwili hatumwambii kwamba amepungua. Tunamwambia amekwisha. Neno hilo tunalisema njiani, mbele za watu, kiganja tumekiweka shavuni, kisha tunaongeza pole, maana sisi ni watu wa adabu. Akijibu kwamba hana neno, hatumwamini. Mnene akisema hana neno tunamwamini papo hapo, hata kama tumemkuta ameshika ukuta akitafuta pumzi.

Ndiyo maana nataka kusimulia habari za Biasha, binti wa marehemu Mzee Mwero, anayeuza mahamri na mbaazi za nazi barazani kwake, kwenye njia ya kwenda Bomani. Ukimwona leo utasema ni mwanamke wa kawaida, si mnene, si mwembamba. Zamani alikuwa mtu wa kupishwa mlangoni. Wala simsengenyi, kwani mwenyewe alikuwa akijitania kwamba akikaa kwenye benchi la hospitali, wagonjwa wawili hujiona wamepona wakaenda zao. Mwili ule ndio uliokuwa kibao cha biashara yake. Nani ataamini mahamri ya mpishi mwenye mbavu za kuhesabika?

Rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani ni Esha, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko, na machozi yasiyokaa mbali. Harusini kwetu chakula huja kwenye sinia, na watu hulizunguka wanne wanne. Sinia lisipotimia, mmoja hupaza sauti: "Hapa bado mmoja." Mwenye kuita siku zote alikuwa Esha, na huyo mmoja siku zote alikuwa Biasha. Hata akitokea mwengine aliye karibu zaidi, Esha alimzuia kwa mkono na kuendelea kuita mpaka Biasha afike kwa mwendo wake wa taratibu. Sinia lao halikuwahi kurudi jikoni na punje.

Mumewe Biasha, Kheri, aliondoka duniani kwa sukari. Ilianza kwenye kidole cha mguu, ikapanda, na madaktari wakaifuata kwa kisu mpaka pakawa hapana tena pa kukata. Biasha alimuuguza huku naye ana sukari hiyo hiyo. Alipomaliza eda, magoti yalikuwa yamemkataa kabisa. Akisujudu hakuinuka bila kuvutwa, basi akaanza kuswali juu ya kiti cheupe cha plastiki. Kiti chenyewe kilikuwa cha Esha. Kila Ramadhani, wakati wa tarawehe, Esha alikibeba kichwani hadi msikitini, akakiweka mwisho wa safu ya wanawake, akasimama ubavuni pake. Watu walizoea kukiona kiti kikipita, wakajua Biasha yuko nyuma anakuja.

Jambo ambalo Biasha hakumwambia hata Esha ni jinsi kiti kile kilivyomuuma. Wenzake wakiwa chini wote, vipaji vya nyuso vimegusa mkeka, yeye aliinamisha kichwa hewani, akajiona ameachwa juu peke yake. Alikuwa na hofu ya kukatwa mguu kama Kheri, hiyo ni kweli. Lakini alichokitamani hasa kilikuwa kushuka chini pamoja na wengine na kusujudu.

Binti yake Yusra, anayefanya kazi ya kutunza wagonjwa Muscat, ndiye aliyezungumza na daktari mmoja wa Mombasa anayepasua watu ili wapungue. Si kukata mafuta, alimweleza mamake kwenye simu, ni kulipunguza tumbo lenyewe la chakula libaki kiasi cha ndizi. Biasha alikubali kwa sharti moja, kwamba watu wasijue. Sisi alituaga kwamba anakwenda kutolewa vijiwe vya nyongo. Alituogopa, na haki alikuwa nayo. Tungesema kinywa kimemshinda mpaka akapelekewa kisu. Tungesema anajikondesha apate mzungu wa Diani, na umri huo alio nao. Nawajua watu wetu.

Daktari alimpa masharti yake. Chakula kiwe kiasi cha kikombe cha kahawa, akitafune mpaka kiwe laini kama uji. Aanze na samaki au yai kabla hajagusa wali. Maji asiyachanganye na chakula, akihisi kushiba aache hapo hapo, na kila siku atembee. Akamwambia pia kwamba tumbo limepunguzwa lakini kichwa hakikupunguzwa, na kazi kubwa iko huko. Biasha alidhani ni mzaha wa madaktari.

Aliporudi ndipo alipofahamu. Mtu aliyekatazwa kula anaweza kukaa mbali na jiko, lakini Biasha jiko ndilo riziki yake. Kila alfajiri alikanda unga, akatia iliki na tui, akasimama mbele ya karai. Miaka yote hamri la kwanza kutoka kwenye mafuta lilikuwa haki yake, alilila likiwa bado linamchoma vidole. Sasa alilitia beseni pamoja na mengine, akaenda kunawa mikono. Mbaazi zikiisha alifunga biashara, akajitanda leso, akatembea mpaka Bomani na kurudi. Mwanzoni alipumzika kila penye ukuta. Baadaye akawa hapumziki.

Muuguzi wa Mombasa alikuwa amemtia kwenye kikundi cha simu cha waliopasuliwa na daktari yule, wapate kutiana moyo. Wengi walikuwa watu wa Nairobi. Waliandika Sheng na Kiingereza, wakatuma picha zao kwenye mashine za mazoezi, na picha za unga wa protini wa kukoroga. Biasha si mtu wa kuandika, basi alituma sauti. Alitoa salamu kamili, akawauliza hali zao na za watoto wao, akaeleza kwamba samaki wa kukaanga humkwama lakini wa kuchemsha anapita vizuri, akawaombea heri wote. Alijibiwa kwa picha ya kidole gumba. Alikitazama kidole kile, akangoja mwenye kidole aseme kitu, na mwenye kidole hakusema. Tangu siku hiyo akawa anasoma tu.

Siku moja adhuhuri, ndani kwake, alikuwa amesogeza kiti cha jikoni ili aswali kama kawaida. Akaona ajaribu kwanza. Alishika ukingo wa kitanda, akateremsha goti moja, la pili likafuata bila ugomvi, akaweka kipaji cha uso chini. Mkeka ulinuka ukindu na vumbi. Alikaa pale chini zaidi ya inavyohitajika, akilia, kisha akainuka mwenyewe bila kuvutwa na mtu. Alipotoa salamu alichukua simu ampigie Yusra. Yusra alikuwa kazini, simu ikaita mpaka ikakatika.

Akatoka barazani kutafuta wa kumwambia. Kwa bahati alikuwa akipita mwanamke mmoja jirani na kapu lake la samaki. Mwanamke akasimama, akaweka kiganja shavuni.

"Mama Yusra, umekwisha," akasema. "Pole."

Biasha alimshukuru, akarudi ndani.

Hongera ndiyo aliyoitaka. Neno moja, la bure, tunalompa hata mtu aliyenunua ndoo mpya. Lakini nani angempa, na sababu ya hongera ameificha mwenyewe? Aliyemwamini alikuwa ng'ambo, na waliokuwa karibu walikuwa wakimtazama kwa huruma. Wateja walianza kupungua. Hawakuwa na ubaya, waliogopa tu kula kwenye mkono wa mtu anayeisha. Wengine walitaja kansa, wengine kifua kikuu, na wengine walinong'ona maradhi yale yasiyotajwa kwa sauti. Mficha maradhi, wakasema, kifo humuumbua. Biasha naye hakununua madera mapya. Yale ya zamani yalimning'inia mwilini, na kila aliyemwona alipima mwenyewe kilichopotea.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Chirau, mtu asiyekosa shughuli ya mwenzake, kule Gazi. Biasha hakutaka kwenda, lakini harusi ya Chirau haikataliki. Wanawake walipoanza kuzunguka masinia, sauti ya Esha ilisikika mapema kuliko zote kwamba hapa bado mmoja. Biasha aliitikia, akaenda. Alikaa mahali pake pa siku zote, akala tonge la kwanza polepole, la pili, la tatu, kisha mkono wake ukatulia pajani.

Esha alimsogezea nyama. Alimwambia leo hatunyimani, akasema kwa kucheka, lakini macho yake hayakucheka. Kwetu mkono ukitoka sinia mapema, wenzako hujiuliza umeona nini kwao. Biasha alilijua tumbo lake, na alimjua pia Esha. Alimchagua Esha. Akala ile nyama, akala pilau iliyosogezwa juu yake, na ilipomkaba akashushia kwa maji.

Hawakumaliza kunawa kabla hajakimbilia nyuma ya jiko, penye kuni, akayatoa yote. Wapishi walimwona. Esha alimfuata, akamshika mabega asianguke, na kwa mara ya kwanza viganja vyake vikakuta mfupa pale vilipozoea kukuta nyama. Alianza kulia kimya kimya, yeye ambaye hakuwahi kulia kimya.

Hapo ndipo Biasha angemwambia ukweli. Alifungua kinywa kabisa. Akasema ni nyongo tu, imemrudia.

Baada ya harusi ile nyumba ya Biasha ilijaa sahani. Paliletwa bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, paliletwa supu ya pweza, uji wa mtama uliotiwa samli, halua ya Mombasa ndani ya kikapu chake. Waliozileta walisimama mlangoni, wakauliza hali kwa sauti ya msibani, wakaondoka kabla hawajakaribishwa. Esha alituma chakula kila siku bila kuja mwenyewe. Alikuwa akisema kwa watu kwamba hawezi, akimwona atalia, na mgonjwa haliliwi mbele yake. Basi Biasha alikaa na sahani za wenzake bila wenzake. Jioni alizifunika, asubuhi akazigawa kwa majirani wa mbali, akaziosha na kuzirudisha. Mtu anaweza kupendwa namna hiyo na bado akakosa wa kuzungumza naye.

Na kama hayo hayatoshi, mwili ukagoma. Mizani ilisimama pale pale, na akichana nywele zilitoka na kitana. Daktari alikuwa amemwonya kwamba yote mawili yatakuja na yatapita. Ni rahisi kuonywa. Alimpigia Yusra, akampata, na Yusra akamwambia avumilie, ana mgonjwa kitandani anamwita, atampigia baadaye. Biasha alimwambia mwanawe asijali. Alipokata simu alijihisi mpweke kuliko siku aliyomzika Kheri, maana siku ile nyumba ilijaa watu, na wote walijua analia nini.

Kikapu cha halua kilikuwa mezani. Alikwisha kugundua siri moja ambayo hakuitaka. Nyama humkwama, wali humkwama, lakini halua huteleza. Mtu akiamua kula halua kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka jioni, tumbo la ndizi halitamzuia. Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Akawaza, bila kujificha, kwamba mwili ukirudi na watu watarudi. Watakaa barazani wanunue mahamri na kucheka, na Esha atamwita kwenye sinia bila machozi. Kiti alikwisha kukizoea. Wangapi huswali kwenye viti na Mungu anawapokea?

Wakati yuko katika mawazo hayo, Esha akaja, wa kwanza kuingia ndani tangu harusi. Hakukaa. Alisema amezungumza na Mwalimu Subira, yule anayesomesha wanawake chuoni, na Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, watakuja kumsomea Yasini na kumwombea shifa. Yeye asiguse kazi yoyote. Pilau watapika wao.

Nani hukataa dua? Biasha alikubali. Na Esha alipotoka, mawazo yale ya halua yalikamilika yenyewe. Dua itasomwa Ijumaa. Jumamosi ataanza kula. Mwili utarudi kidogo kidogo, na watu watasema Mola amepokea. Hakuna atakayejua, wote watafurahi, na zaidi ya wote Esha. Alikiona kitu hicho kuwa chepesi kama kulala.

Ijumaa ile wanawake walijaa sebuleni mpaka ukumbini, mikeka imepandana. Esha alifika na kile kiti cheupe kichwani, akakiweka katikati, akamkalisha Biasha juu yake. Wenzake wote wakakaa chini kumzunguka. Walisoma Yasini kwa sauti moja iliyopendeza, na wengi walikuwa wakilia kweli, si machozi ya kuonyesha watu. Biasha aliwatazama kutoka kule juu. Aliwapenda. Alitamani kuteremka akae baina yao.

Mwalimu Subira alipoinua mikono, wote waliinua.

"Ewe Mola, mponye mja wako Biasha."

Wakaitikia amina, na Biasha akaitikia pamoja nao.

"Mwondolee maradhi haya yanayomla."

Wakaitikia amina. Midomo ya Biasha ilitikisika, sauti haikutoka.

"Mrudishie mwili wake kama ulivyokuwa."

Amina iliyofuata ilitoka vifuani mwao wote. Biasha hakuitikia. Mwalimu Subira, ambaye hupenda mgonjwa mwenyewe aitikie akiwa na kauli, alidhani hakusikia, akarudia taratibu kwamba Mola amrudishie Biasha mwili wake. Chumba kikaitikia tena. Esha alimgusa mguu.

"Itikia, shoga," akanong'ona.

"Hiyo siwezi," akasema Biasha.

Mikono mingine ilibaki juu, mingine ikashuka. Biasha alikuwa amepanga kudanganya watu, lakini amina aliyoambiwa aiseme ilikuwa inakwenda mbinguni. Alihisi akilitamka neno lile, Mungu atalichukua kama lilivyo, na magoti yake yatamkataa tena kama zamani. Alishika mikono ya kiti.

"Mwili ule niliutoa mwenyewe," akasema. "Haikuwa nyongo. Nilipasuliwa Mombasa, tumbo langu likapunguzwa. Siumwi. Sijawahi kuwa mzima hivi tangu Kheri afe. Niombeeni jingine lolote, lakini hilo msiniombee."

Kisha mwanamke aliyekaa karibu na mlango akasema, si kwa ukali, kwamba kumbe wamelia bure. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwengine akauliza, bila kumlenga mtu, kama inafaa kukipunguza alichokiumba Mungu. Mwalimu Subira alishusha mikono usoni. Alimwambia Biasha kwamba afadhali angewaambia mapema, maana dua nayo hutaka ukweli, kisha akaifunga kwa Fatiha. Esha alikuwa akitazama mkeka, na hilo ndilo lililomchoma Biasha kuliko maneno ya wote.

Pilau ilipakuliwa, maana pilau haina kosa. Wanawake walizunguka masinia wanne wanne, wakala haraka haraka na kuzungumza habari za bei ya nazi. Sinia moja lilikuwa na watatu, na mmoja wao alikuwa Esha. Hakuna aliyeita. Biasha aliingia jikoni, akapakua kikombe chake cha samaki wa kuchemsha, akala amesimama.

Alasiri ilipoadhiniwa wengi walikwisha kuaga. Waliobaki walitandaza mkeka mmoja, kila mtu aswali swala yake. Esha, mikono yake ikienda kwa mazoea tu, alikiburuta kiti mpaka mwisho wa mkeka.

"Kiondoe, Esha," akasema Biasha.

"Utakaa wapi?"

"Chini."

Esha alikisogeza kando, amekunja uso, kama mtu aliyerudishiwa zawadi yake. Wakasimama ubavu kwa ubavu. Wakati wa sujudu ulipofika Biasha aliteremka, goti la kwanza, la pili, viganja, kipaji cha uso. Akakaa chini kadiri ya tasbihi zake, akainuka bila kushika kitu, akateremka tena. Inasemekana anayeswali hatazami pembeni. Esha alitazama. Alitazama sana, hata swala ile ilimlazimu kuirudia alipofika kwake, na hilo alilisema mwenyewe baadaye.

Lakini siku ile alipotoa salamu alibaki amekaa, kisha akajifunga leso, akatia kiti kichwani, akatoka bila kuaga. Biasha alimwona kutoka dirishani, kiti kikipita juu ya ua wa makuti. Alifahamu kwamba kiti kile ndicho kilichokuwa kazi ya Esha kwake, na yeye amekikataa mbele ya watu. Akawaza kwamba ukweli umemfikisha pale pale ambapo uongo ulimfikisha.

Siku zilizofuata alikanda, akakaanga, akauza. Wateja walirudi, wengine kwa njaa, wengine kwa kutaka kuona tumbo lenyewe liko wapi. Walitania. Mmoja alimwomba amwelekeze kwa fundi wake. Biasha alijibu matani kwa matani, na waliponunua walikwenda zao. Hakuna aliyekaa. Halua iliyobaki aliigawa. Yusra alipiga simu na akasikiliza habari yote ya dua, akalia na kucheka, akamwambia mamake ni jasiri. Maneno hayo yalimfaa Biasha kwa siku nzima. Kesho yake nyumba ilikuwa kimya vile vile, na Esha hakuja, wala hakutuma sahani.

Akaendelea kutembea. Sitakudanganya kwamba alitembea kwa furaha. Alitembea kwa sababu mbaazi zimeisha na ndani hamna mtu. Mara nyingi alipofika kwenye ukuta wa zamani wa kupumzikia alijiuliza anamwendea nani huko Bomani, na kwa nini asigeuze. Siku moja jua lilikuwa kali, na hapo ukutani alisimama kweli, ameshageuza mguu.

Mbele, penye mkorosho ulioinamia barabara, aliona kitu cheupe. Alidhani ni gunia. Alipotazama vizuri alikiona kiti, na juu ya kiti alimwona Esha, leso kichwani, miguu ameitandaza kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu. Kutoka kwa Esha mpaka mkorosho ule si mbali kwa mtu mzima wa miguu. Kwa Esha, ambaye magoti yake nayo yameanza, na mwili wake sasa ndio mkubwa kuliko wote mtaani, ilikuwa kazi.

Biasha alimfikia, akasimama. Hakuna aliyetoa salamu kwanza, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

"Bomani siwezi kufika," akasema Esha. "Nimekuja kukaa hapa nikuone ukipita."

Biasha alisogea kivulini kwake.

"Mbona hukunambia?" akauliza Esha.

"Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka," akasema Esha. "Nikimaliza kucheka ningekubebea kiti mpaka Mombasa." Alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Ile Alasiri nilikuona chini. Hongera, shoga yangu. Hongera sana."

Biasha aliinamisha kichwa. Neno alilolingoja muda wote ule lilikuwa limefika, na hakujua pa kuliweka, akabaki analia barabarani mchana kweupe. Wapita njia wawili waliwatazama, na bila shaka walikwenda kusema kwamba sasa hali yake imekuwa mbaya.

Esha hakuinuka. Alimwambia asikae, daktari amesema atembee, na yeye atamngoja pale pale mpaka arudi. Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akaita jina lake kabla hajapiga hatua, akainua mikono miwili juu ya magoti yake mabovu.

"Ewe Mola," akasema Esha, kwa ile sauti yake ya sokoni, "mwili ule usimrudishie."

"Amina," akasema Biasha, na safari hii hakungoja kuguswa mguu.